Kukesha Pamoja na Mgonjwa



Liko swali linalowafikia Wakristo wengi mlangoni pa chumba cha wagonjwa mahututi. Daktari huwaita watoto wa mgonjwa, huwaambia: Ugonjwa wa baba yenu umetushinda. Moyo wake ukisimama, je, tujaribu kuuamsha, au tumwache apumzike? Nao hutazamana kwa hofu, kila mmoja akijiuliza moyoni: Tukisema asiamshwe, hatutakuwa tumemwua baba? Yatupasa kulipima swali hili mbele za Mungu, dhamiri zisiteswe bure.

Kwanza tuijue kazi yenyewe. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen katika Denmark ulipigwa na ugonjwa wa kupooza. Wanafunzi wa udaktari wakapokezana usiku na mchana kuwatia wagonjwa pumzi kwa kuminya mfuko wa hewa, na wengi wakaokoka. Mwaka uliofuata daktari Bjørn Ibsen alifungua huko chumba cha kuwaangalia wagonjwa mahututi. Tena mwaka 1960 watafiti wa Baltimore, Marekani, walionyesha ya kuwa moyo uliosimama waweza kuanza tena kwa kukandamiza kifua kwa mikono. Maarifa haya ni kipawa cha Mungu. Mtoto aliyezama majini, mama aliyezimia katika kujifungua, hao na waamshwe kwa nguvu zote.

Lakini dawa ya mmoja si dawa ya wote. Hata penye vifaa vyote, wengi ambao moyo wao husimama hospitalini hawarudi nyumbani. Mara nyingi mbavu huvunjika. Na mtu ambaye saratani imekwisha kummaliza, moyo wake ukiamshwa, huamkia maumivu yale yale, kisha husimama tena. Ndiyo maana mwaka 1976 hospitali mbili za Boston zilitangaza kanuni za kuandika agizo kwamba mgonjwa wa namna hiyo asiamshwe.

Je, tumevunja amri ya tano? Katekisimo yatufundisha kwamba amri hiyo yakataza kumdhuru jirani, tena yaagiza kumsaidia. Anayeua huleta mauti. Asiyemkandamiza kifua mtu aliyekwisha kushindwa na ugonjwa hakuyaleta mauti. Amekataa tu kumwongezea maumivu yasiyo na faida. Hata Hezekia, aliyeongezewa miaka 15 kwa maombi yake, alilala na baba zake siku yake ilipotimia.

Walakini tujihadhari. Mgonjwa mwenyewe aulizwe angali na akili zake, na neno lake lisikizwe. Akibadili shauri, agizo nalo libadilishwe. Mtu asilitake agizo hilo kwa kuwa mzee amekuwa mzigo, au kwa kuwa urithi wangojewa. Huko ndiko kuvunja amri, hata ikiwa karatasi imeandikwa vizuri.

Tena agizo hilo lahusu jambo moja tu. Dawa ya kutuliza maumivu, kulowesha midomo, kumgeuza kitandani, kumwosha, kumshika mkono, hayo hayakomi. Kule Gethsemane Bwana wetu hakuwataka rafiki zake wayazuie mauti yake. Aliwataka wakeshe pamoja naye, nao wakalala. Hiyo ndiyo hatari yetu: kuitia karatasi sahihi, kisha kwenda zetu.

Basi ninyi walimu wa kanisa, zungumzeni na wazee na wagonjwa mapema, kabla ulimi haujawa mzito. Mpelekeeni mchungaji habari, mgonjwa apate Meza ya Bwana. Na yeye aliyekwisha kukubali kwa upendo, akamkesha baba yake hadi pumzi ya mwisho, mwambieni asijihukumu. Hakumtupa baba, alimweka mikononi mwa Yeye aliyemwumba, naye ndiye atakayemwamsha siku ile kwa uzima usiokoma.

Bwana atujalie kukesha. Amina.