Silikoni Kwenye Sampu

Bwana mmoja wa Tabata alikuwa na Toyota IST ya mtumba kutoka Japani, na kwa miaka mingi haikumsumbua. Kisha asubuhi moja akakuta doa la oili kwenye saruji ya baraza, upana wa kiganja, chini ya pale injini inapoungana na giaboksi. Mafundi waliokuja kuangalia walitazama doa, hawakutazama injini. Hukumu ikatoka hapo hapo: sili ya nyuma imekufa, giaboksi ishuke.

Ikashuka. Anayejua kazi hii anajua fedha zinakoishia: sili yenyewe ni kipande cha mpira cha bei ndogo, kinachokula hela ni kushusha na kupandisha. Sili ya zamani ilitoka ikiwa kavu upande wa nje. Mtu makini angesimama hapo akajiuliza. Hakuna aliyesimama. Wakafunga mpya, gari likarudi nyumbani, na haukupita muda doa likawa palepale.

Oili inayovuja mara nyingi haidondoki pale inapotokea. Huteleza kwenye ukuta wa injini, hufuata kingo na vichwa vya bolti, gari likiwa mwendoni upepo huisukuma nyuma, na mwisho hujikusanya sehemu ya chini kabisa ndipo ianguke. Ni sawa na nyumba ya bati: maji yanakudondokea kitandani, kumbe tundu liko kule karibu na kofia ya paa. Kwenye IST hii oili ilikuwa ikitoka juu kabisa, nyuma ya kava ya valvu, inashuka kwa kujificha hadi kwenye giaboksi. Na dalili ilikuwepo. Njiani ilipitia karibu na ekzosi, kwa hiyo gari likisimama kwenye foleni ilinuka. Mkewe alikuwa akisema kila mara, "Baba watoto, kuna kitu kinaungua humu." Alijibiwa kuwa ni lori la mbele.

Sasa bwana huyu akachoka na mafundi, akaamua kulifungua gari mwenyewe. Uamuzi huo siulaumu hata kidogo. Kava ya valvu ya injini ya 1NZ-FE ni kazi ya nyumbani: unachomoa koili nne, unafungua kwa soketi namba 10, kava inatoka. Akaikuta gasketi imekauka, ukiikunja inakatika. Kwa mara ya kwanza mtu alikuwa ameupata ugonjwa wenyewe.

Akaiharibu kazi kwa tyubu ya silikoni. Badala ya kununua gasketi mpya, alirudisha ileile, akaipaka silikoni nene mzunguko mzima, juu na chini, akakaza bolti kwa nguvu zake zote. Silikoni ikibanwa hutoka pande mbili. Ya nje aliiona imejiviringa ukingoni, akaikata kwa wembe, akafuta, akafurahi. Ya ndani ilikuwa nene vilevile, imening'inia juu ya kamshafti, na huko hakuna wembe unaofika. Oili ya moto na mtikisiko vikaianza. Kipande kimoja kimoja kikashuka na oili kwenye matundu ya kurudia hadi kwenye sampu, ambako pampu hunyonya oili kupitia wavu mdogo.

Doa barazani likakoma. Majirani wakasifu.

Safari ya Morogoro ndiyo iliyomuumbua. Alipopita Mlandizi taa nyekundu ya oili ikawaka. Akasimama, akavuta kijiti: oili imejaa vizuri. Akasema basi swichi ya oili ndiyo mbovu, maana swichi hizo kweli huharibika, akaendelea. Hapa ndipo wengi wangepotea pamoja naye. Kijiti hupima oili iliyolala kwenye sampu. Taa huwaka msukumo wa oili ukianguka. Unaweza kuwa na sampu iliyojaa na injini inayosagana kavu, na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kabla ya Chalinze injini ilianza kugonga, kisha ikanyamaza.

Kijana wa gereji aliposhusha sampu, akakuta wavu wa pampu umezibwa na nyuzi za silikoni.

"Mzee wangu, nani alifunga kava ya juu?"

"Mimi mwenyewe."

Kijana hakusema neno. Akachomoa valvu ya hewa iliyo kwenye kava, ile wanayoiita PCV, akaitikisa karibu na sikio la mzee. Kimya. Ikiwa nzima hulia ndani ukiitikisa. Hii ilikuwa imeganda kwa masizi. Kazi yake ni kupitisha moshi unaopenya pembeni ya ringi za pistoni urudi kuchomwa. Ikiziba, moshi hujaa ndani ya injini na kusukuma oili nje kupitia gasketi yoyote iliyo dhaifu. Hata gasketi mpya isingedumu sana. Kifaa hiki ni cha bei nafuu, na ajabu ni kwamba wengi hukikumbuka mwisho.

Basi ukikuta doa, usikimbilie spana. Injini ikiwa imepoa, funika alternata na viunganishi vya umeme kwa plastiki, osha grisi yote kwa sabuni ya injini, iache ikauke. Endesha kidogo, kisha anza kuangalia kutoka juu kushuka, kwa tochi na kioo kidogo. Panapolowa kwanza, juu kuliko kote, ndipo penye tundu. Kama hupaoni, nyunyiza poda ya mtoto sehemu unayoishuku. Oili itachora njia yake. Angalia na filta: mara nyingine gasketi ya filta ya zamani hubaki imenata kwenye injini, mpya ikafungwa juu yake, ikavuja kwa fujo. Ukilazimika kuingia chini, gari likae kwenye stendi imara, si jeki peke yake.

Gasketi ikiwa mbovu, nunua mpya, futa nyuso zote mbili zikauke, usikwangue alumini kwa bisibisi. Bolti hizo ni nyembamba, zinataka takriban newtoni-mita 10 tu, zikikazwa kidogo kidogo kwa zamu. Silikoni inatakiwa kidogo tu, kwenye pembe mbili ambako kava ya cheni inakutana na silinda hedi. Na taa nyekundu ya oili ikiwaka njiani, zima injini hapo ulipo na uite gari la kuvuta, hata kama kijiti kinasema oili imejaa.