Jawabu kwa Ndugu Yetu wa Sigor: Yafaa Kuwafundisha Watoto Khabari za Wadudu?



Ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa pwani, ambaye riziki imempeleka Sigor katika nchi ya Bomet, na huko huwasomesha watoto wachache wa Kiislamu, ametuletea swali. Asema kuwa kila Jumamosi, baada ya darasa ya Qur'ani, huwatoa watoto nje akawaonyesha nyuki, siafu, na yule mdudu aviringishaye mavi ya ng'ombe, akawaeleza kazi ya kila mmoja. Baadhi ya wazazi wamemlaumu, wakamwambia: "Sisi tumewaleta watoto wasome dini, hatukuwaleta watazame wadudu." Mmoja amekwisha kumwondoa mwanawe. Basi ndugu yetu auliza: je, aache?

Jawabu yetu ni kuwa asiache, maadamu darasa ya Qur'ani imetimizwa haki yake kwanza. Na kwa kuwa lawama kama hiyo husikika pia Mombasa, Malindi na Lamu, tumeona tuieleze jawabu hii kwa urefu kidogo, wapate faida wazazi na walimu wa vyuo pia.

Msomaji asiyefika huko na ajue kuwa Sigor iko upande wa Chepalungu, chini ya nchi ya chai. Juu yake, kuelekea Kericho, vilima vimefunikwa na michai, na chai ya huko huteremka Mombasa kunadiwa, kama ifanywavyo tangu mwaka 1969. Sigor yenyewe ni nchi ya mahindi na ng'ombe, na Wakipsigis, wenyeji wake, tangu zamani hufuga nyuki katika mizinga ya magogo waitundikayo mitini.

Sasa na tuwaulize wale walaumuo: ni sura ngapi katika Msahafu zilizoitwa kwa majina ya viumbe hawa wadogo? Iko sura ya Nyuki, iko sura ya Chungu, na iko sura ya Buibui, ambaye wataalamu humtenga na wadudu kwa kuwa yeye ana miguu minane na mdudu ana sita. Na katika sura ya al-Baqara Mwenyezi Mungu ametujulisha kuwa Yeye haoni haya kupiga mfano kwa mbu. Ikiwa Muumba hakuona haya kumtaja, mwalimu ataonaje haya kumfundisha?

Katika sura ya Nyuki, aya ya 68 na ya 69, tumekhubiriwa kuwa Mola ndiye aliyemtia nyuki ilhamu ya kufanya makao milimani, mitini, na katika wavijengavyo watu. Kisha kikatajwa kinywaji cha rangi mbali mbali kitokacho matumboni mwao, na ponya iliyomo. Na mwisho tukaambiwa kuwa katika hayo iko ishara kwa watu wenye kufikiri. Mtoto wa Sigor asimamaye chini ya mti penye mzinga, huyaona makao ya pili na ya tatu kwa mara moja. Basi mwalimu aliyemtoa nje hakumtoa katika dini. Amempeleka kwenye tafsiri ya aya hiyo.

Mtaalamu mmoja wa Ulaya, Karl von Frisch, alitumia miaka mingi kuwatazama nyuki, akabainisha kuwa nyuki arudiye mzingani hucheza kwa mwendo maalumu, ili kuwajulisha wenziwe upande yalipo maua na umbali wake. Mwaka 1973 alipewa tuzo ya Nobel. Sisi sura hiyo twaisoma kila Ramadhani. Wangapi miongoni mwetu wamekaa saa moja mbele ya mzinga?

Wala asiseme mtu kuwa elimu hii imeletwa na Wazungu. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki katika karne ya tatu ya Hijra, aliandika Kitabu cha Wanyama, na ndani yake akawaeleza chungu na nzi. Baada yake akaja ad-Damiri wa Misri, aliyefariki mwaka 1405, naye akakusanya khabari za viumbe wakubwa na wadogo. Na vitabu vya fiqhi ya madhehebu yetu ya Imamu Shafii vyatufundisha kuwa mdudu asiyekuwa na damu yenye kuchuruzika, akiangukia majini mwenyewe akafa, hayanajisi maji hayo. Mwanafunzi hukariri masala haya kwa moyo. Lakini atamjuaje asiye na damu yenye kuchuruzika ikiwa hakuruhusiwa kumtazama?

Ama kazi za wadudu katika ardhi ya Mwenyezi Mungu ni nyingi, nasi tutataja mbili. Yule aviringishaye mavi, ambaye watoto humcheka, huzika mavi ardhini yakawa samadi, na malisho yakasafika. Watu wa Australia walipofuga ng'ombe kwa wingi, mavi yalikaa juu ya malisho, kwani wadudu wa huko hawakuyazoea, na nzi wakazidi. Kuanzia miaka ya 1960 wataalamu wao wakaja Afrika kuchukua wadudu wa namna hii hii ambao sisi twawatemea mate.

Kazi ya pili imefanyika huku huku kwetu. Mdudu atoboaye mabua ya mahindi, asili yake Asia, alikuwa amewasumbua wakulima. Kiko chuo cha utafiti wa wadudu, ICIPE, kilichoasisiwa Nairobi mwaka 1970 na Mkenya Thomas Odhiambo. Watu wa chuo hicho walimleta nyigu mdogo sana kutoka Pakistan, na mwaka 1993 wakamwachilia katika mashamba ya pwani. Nyigu huyo hutaga mayai yake ndani ya kiwavi, na kiwavi hufa. Basi mkulima anyunyizaye sumu ovyo shambani huenda akawaua walinzi wake pamoja na adui zake. Na akiinyunyiza wakati wa maua, huwaua nyuki pia.

Ndugu zetu, tumesema juu ya faida. Sasa na tuseme juu ya hasara ya kutojua, nayo ndiyo iliyotufanya tusinyamaze. Katika lugha yetu, dege ni jina la nondo, yule mdudu kama kipepeo arukaye usiku. Wazee walidhani kuwa nondo huyo, au pepo mwenye sura yake, ndiye amkamataye mtoto. Ndipo kukakamaa na kutetemeka kwa mtoto mwenye homa kukaitwa degedege. Nondo hana kosa. Katika sababu kubwa za hali hiyo ni malaria, na malaria huletwa na mbu jike aumaye usiku. Mwaka 1897 Ronald Ross aliwaona vijidudu vya maradhi hayo tumboni mwa mbu. Wala baridi ya milimani haikuwasalimisha watu, kwani katika miaka ya 1990 homa hiyo iliwapiga sana wafanya kazi wa mashamba ya chai ya Kericho.

Hata leo wako wazazi ambao mtoto akikakamaa humkimbiza kwa mganga. Atafukizwa, atanyweshwa kombe, atavishwa hirizi, na saa zitapita. Katika saa hizo mtoto aweza kufa, hali ya kuwa dawa iko hospitali. Kisha husemwa kuwa ni kudura. Kudura ni haki, nasi twaiamini, lakini Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tutafute dawa, na ujinga wetu tusiusingizie kudura.

Na mijini kwetu yuko mbu mwingine, mweusi mwenye madoa meupe, aumaye mchana, ambaye huzaliwa katika mitungi, mapipa na mipira mikuukuu ya magari. Huyo ndiye aliyeeneza chikungunya Lamu mwaka 2004, na dengi Mombasa mwaka 2013. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kufunika vyombo vyetu usiku. Mtoto aliyefundishwa kuwa kiluwiluwi achezaye ndani ya mtungi ni mbu wa wiki ijayo, ataufunika mtungi bila ya kusukumwa, na huenda akamwokoa ndugu yake mchanga.

Twamuusia ndugu yetu mambo matatu. La kwanza, awafundishe watoto kutazama kwa adabu: wasimng'oe mdudu mbawa, wala wasimfunge uzi mguuni wakamburura kwa mchezo. Imepokewa katika hadithi kuwa Mtume (S.A.W.) amekataza kuuawa chungu na nyuki, na kuwa Nabii mmoja wa zamani aliumwa na chungu akaamuru kichuguu chao kichomwe moto, akalaumiwa na Mola wake kwa kuuangamiza umma umtukuzao Mungu kwa sababu ya mmoja aliyemuuma. La pili, awabainishie kuwa mwenye kudhuru, kama mbu, kumwua si makosa, lakini bora kuliko kumwua ni kumzuilia mahali pa kuzalia. La tatu, kila alionyeshalo alirudishe kwa Muumba, ili mtoto asije akastaajabia kazi akamsahau Mfanya kazi.

Ama yule mzazi aliyemwondoa mwanawe, twamnasihi kwa upole amrudishe. Naye aje Jumamosi moja akae na watoto chini ya ule mti, asikilize. Akiona neno moja lililo kinyume cha dini, atwandikie, nasi tutalitia katika gazeti hili na kulijibu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kufikiri, na awalinde watoto wetu na maradhi na ujinga. Amin.