Kazi ya Baba Chini ya Mwembe

Baba alipostaafu, sisi wanawe tulimfanyia kila tulilodhani ni heshima. Tulimnunulia kiti cha uvivu, tukamkataza hata kubeba ndoo ya maji. "Pumzika, baba." Akapumzika, mpaka maneno yake yakaanza kuadimika. Naandika haya kwa uchungu: tulimpa kila kitu isipokuwa kazi.

Peugeot 404 yake ilikuwa imelala chini ya mwembe miaka 18, kuku wakitagia kiti cha nyuma. Wanunuzi wa chuma chakavu walishafika bei. Siku moja binti yangu akauliza kama gari lile liliwahi kutembea. Mzee akainuka. Akamsimulia Safari Rally ya 1963, ambayo magari 7 tu ndiyo yalimaliza, 404 ikiongoza. Akamsimulia Bert Shankland, dereva wa hapa kwetu Tanzania, alivyoshinda na 404 mwaka 1966, akarudia 1967. Kisha akaomba spana.

Tangu hapo Jumamosi zetu ni za mwembeni. Kaka yangu, ambaye tulikuwa hatusemezani kwa ajili ya kiwanja, alileta kabureta aliyoipata mjini, akasema anaiacha tu na kuondoka. Magharibi ilimkuta bado yuko chini ya gari, anakwangua kutu.

Lakini ninachokitazama zaidi ni kupima tapeti, yaani mwanya wa valvu. Injini ya 404 imelazwa upande, kwa hiyo mtu huinama sana, na mgongo wa baba haukubali tena. Tukamwekea stuli. Macho hayaoni namba zilizoandikwa kwenye kile kibati chembamba cha kupimia. Anakijua kwa vidole. Anakipenyeza juu ya valvu, anakivuta taratibu, kisha anamwachia mjukuu.

"Vuta wewe, mama. Ikoje?"

"Kama karatasi iliyobanwa na kitabu, babu."

"Kitabu kizito au chepesi?"

"Kizito."

"Basi legeza. Kidogo tu."

Yeye ana ujuzi, mtoto ana nguvu za kuzungusha spana. Sikumbuki lini mara ya mwisho mtu alimuuliza baba jambo akangoja jibu.

Mwezi uliopita gari liliwaka. Tulipiga vigelegele, mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. Baba hakushangilia. Alitunyamazisha kwa mkono, akainamisha sikio, akasema silinda ya tatu haichomi sawasawa. Jumamosi tutaanzia hapo.