Hofu Yetu Inaonyeshwa Wapi?

Filamu ya kupigana unaweza kuiuza popote. Ngumi ni ngumi. Lakini ile ya kisaikolojia, ambayo adui yuko ndani ya kichwa cha mtu, huwa na wenyewe. Inamtafuta mtu fulani imuulize: na wewe, ulifanya nini?

Chukua Kati Kati ya Mbithi Masya. Kaleche anazinduka porini, hajui amefikaje. Kwenye loji iliyo karibu anaambiwa kwamba ameshakufa, kama wote walio pale, na kila mmoja ana mzigo aliokuja nao kutoka uhaini. Mimi naisoma kama swali ambalo Kenya imelikwepa tangu 2008. Iliandaliwa na Ginger Ink ya Nairobi pamoja na One Fine Day Films ya Ujerumani, na mwaka wa 2016 ikashinda tuzo ya wahakiki, FIPRESCI, kule Toronto. Hongera kwao. Ila watu wa Toronto hawana la kukiri kuhusu uchaguzi wetu.

Huku Kona Baridi kuna upepo, nyama choma na barabara ya Magadi. Sinema hakuna. Unapanda matatu mpaka Nairobi, unaingia mall, unalipa. 40 Sticks ya Victor Gatonye, wafungwa wakiwindwa msituni usiku, iliingia Netflix 2020; nako unahitaji akaunti na bando. Basi watu wanaenda kibandani na flash disk, wanawekewa kopi kwa bei ya chai.

Je, huo ni wizi? Ni wizi, tusidanganyane. Mimi naishi kwa kuandika, najua uchungu wa kazi kuchukuliwa bure. Na ubaya hauishii hapo. Kopi ile haimrudishii mtengenezaji hata shilingi, kwa hivyo filamu inayofuata ataiombea pesa nje, na anayetoa pesa atataka ionekane kwake kwanza. Yaani sisi tunaolalamika kwamba filamu zetu zinakimbilia ng'ambo, ndio tunaozisukuma.

Lakini deni lina pande mbili. Ukichukua aibu ya jamii ukaifanya hadithi, huwezi kuikumbuka jamii hiyo mwishoni kabisa, baada ya matamasha yote. Isiwe ati haiwezekani: Riverwood, iliyopata jina lake River Road, iliuza filamu kwa diski za bei rahisi na zikafika mbali na Nairobi. Bajeti ikiweza kubeba kamera, taa na chakula cha waigizaji, mbona ishindwe na projekta, jenereta na ukumbi wa kanisa kwa Jumamosi moja?

Sidai ionyeshwe bure. Nitalipa mlangoni kama wengine. Nadai tu kwamba swali linalotuhusu tuulizwe sisi, tukiwa tumeketi pamoja na majirani.