Kuona na Kuhurumia

Soma kwa ajili ya somo hili: Luka 10:25–37, Kumbukumbu la Torati 6:6–9, Yohana 13:12–17, Yakobo 2:15, 16.

Soma Luka 10:31–33. Kuhani, Mlawi na Msamaria walifanana katika jambo gani? Walitofautiana wapi?

Wote watatu walimwona yule mtu aliyejeruhiwa. Luka analitaja jambo hilo kwa kila mmoja wao, hivyo hakuna anayeweza kujitetea kwamba hakujua. Tofauti yao ilianza baada ya kuona: wawili walipita kando, mmoja aliguswa moyo akasogea karibu. Kumbe mtu anaweza kuona asihurumie.

Jambo hili linaleta swali zito nyumbani kwetu. Watoto wa leo wanaona mengi kabla hawajajua kusoma. Je, televisheni inaweza kumfundisha mtoto kuhurumia, au inamzoeza kutazama maumivu ya wengine na kupita kando? Wapo kati yetu wanaoiona kuwa adui wa nyumba ya Kikristo, na wana sababu zao. Wapo wengine wanaoiwasha ili mtoto atulie wakati wao wanapika na kufua. Kabla hatujachagua upande, tutafakari mfano mmoja.

Mtu aliyewaita watoto majirani

Fred Rogers, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1928, aliwekewa mikono kuwa mchungaji wa Kipresbiteri mwaka 1963. Hakupewa usharika wa kuuchunga. Kazi aliyokabidhiwa ilikuwa kuwahudumia watoto na familia kwa njia ya vyombo vya habari. Kipindi chake, *Mister Rogers' Neighborhood*, yaani Mtaa wa Bwana Rogers, kilianza kuonyeshwa Marekani yote Februari 1968, na vipindi vipya viliendelea hadi Agosti 2001. Alizungumza polepole, akimwita kila mtoto aliyemtazama jirani yake.

Katika kipindi hicho alikuwa na desturi ya kuwalisha samaki. Msichana mdogo kipofu alimwandikia kwamba anawahofia samaki wale, kwa kuwa hawezi kuona kama wamekula. Rogers akaanza kusema kwa sauti kila alipowapa chakula. Watoto wenye kuona hawakuhitaji kuambiwa, lakini nao walikuwa wanajifunza kwamba mwema humkumbuka hata yule asiyeonekana chumbani.

Mwezi Mei 1969 alifanya jambo lingine dogo. Katika sehemu nyingi za nchi ile Wazungu walikuwa wamekataa kuogelea pamoja na watu weusi. Miaka 5 tu kabla, huko St. Augustine, Florida, meneja wa hoteli alimwaga asidi kwenye bwawa walimokuwa waandamanaji weusi na weupe. Rogers alimkaribisha François Clemmons, mtu mweusi aliyeigiza kama polisi wa mtaa, watie miguu yao pamoja kwenye kibwawa cha plastiki siku ya joto. Kisha wakatumia taulo moja. Hakukuwa na hotuba juu ya ubaguzi. Mshiriki yeyote aliyewahi kuinama na beseni katika huduma ya unyenyekevu anaelewa kwa nini tendo lile lilitosha (Yohana 13:12–17).

Nani anayezungumza na mtoto?

Soma Kumbukumbu la Torati 6:6–9. Ni lipi linalotajwa kwanza: maneno yanayosemwa kwa mtoto, au maandishi yanayoonekana mlangoni?

Musa hakukataza kitu cha kutazamwa. Aliagiza maneno yaandikwe kwenye miimo ya nyumba. Lakini kwanza aliagiza mzazi ayazungumze aketipo, atembeapo, alalapo na aondokapo. Mwimo hauwezi kujibu swali la mtoto.

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas Tech walitoa matokeo yanayoelekea huko huko. Waliwafuatilia watoto wa miaka 2 hadi 6 waliotazama kwa majuma mawili katuni ya *Daniel Tiger's Neighborhood*, iliyotokana na kazi ya Rogers. Uwezo wa kuhisi pamoja na wengine uliongezeka kwa wale ambao wazazi wao walikuwa na mazoea ya kuzungumza nao juu ya yale wanayotazama. Pasipo mazungumzo hayo, faida hiyo haikuonekana. Katuni ilikuwa ile ile, ila nyumba zilitofautiana.

Kwa mama aliyechoka hii ni habari njema. Si lazima aketi saa nzima mbele ya televisheni. Anaweza kuuliza wakati wa chakula: Yule alilia kwa nini? Ungekuwepo, ungemfanyia nini?

Bado kuna hatua moja. Msamaria alitoa mafuta, divai, mnyama wake na dinari mbili. Televisheni haimdai mtoto chochote. Anaweza kumlilia mtoto wa kwenye katuni, kisha akatoka nje kumcheka mwenzake mwenye kigugumizi. Yakobo anaionya huruma inayoishia mdomoni (Yakobo 2:15, 16), na ile inayoishia machoni haiko mbali nayo. Kazi ya mzazi ni kumshika mtoto mkono, kutoka kwenye picha hadi kwa jirani mwenye jina.

*Juma hili mtoto wako, au mtoto wa jirani, ametazama nini? Umezungumza naye nini juu yake?*

Maswali ya Kujadili

1. Je, kuizima televisheni kunatosha kumfanya mtoto awe mwema? Ni nini kitakachojaza nafasi hiyo?

2. Ni tendo gani dogo la mtu mzima uliloliona utotoni ambalo hadi leo linaongoza namna unavyowatendea watu?

3. Sisi watu wazima tunatazama habari za vita na njaa kila siku. Tunawezaje kujilinda tusiwe kama kuhani na Mlawi? Darasa lenu linaweza kumsogelea nani kabla ya Sabato ijayo?