Kungoja kwa Namna Mbili

Wahenga walisema kwamba haraka haraka haina baraka, na sisi walimu tumeirudia methali hii mbele ya watoto mpaka imekuwa kama sala. Walimu hao hao sasa husimama katika mikutano ya wazazi wakidai intaneti ya kasi kwa shule za shamba. Je, msomaji, hapa pana unafiki? Yawezekanaje mtu asifu subira asubuhi, na jioni adai kasi? Swali hili halifai kufukuzwa kwa kicheko, maana asiyeweza kulijibu hajui anaomba nini anapoomba waya upite katikati ya mibuni.

Mimi naona kwamba kungoja ni kwa namna mbili. Kuna kungoja kwa mtu aliyefungiwa mlango, na kuna kungoja kwa mtu aliyepanda mbegu. Wa kwanza hapati kitu kwa kungoja kwake isipokuwa uchovu. Wa pili hungoja huku akipalilia, na kila siku ipitayo huingia ndani ya mavuno yake. Ukiwatazama kwa mbali utadhani wanafanya jambo moja, kwa kuwa wote wawili hawajapata wanachokitaka.

Tutazame nchi iliyo karibu nasi, kutoka Ruiru hata Thika na vijiji vilivyo nyuma yake. Ruiru pana kituo cha utafiti wa kahawa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ugonjwa wa chulebuni, ambao ni ukungu uozeshao buni zingali mbichi mtini, uliwapokonya wakulima wa Kenya mavuno mengi. Mwaka 1971 wataalamu wa Ruiru walianza kazi ya kuzalisha mbuni wa kuustahimili ugonjwa huo. Mbegu waliyoipata, iitwayo Ruiru 11, ilitolewa kwa wakulima mwaka 1985.

Sasa fikiri msichana wa kidato cha pili katika shule ya kutwa upande wa Gatundu. Buni za nyanya yake zimeingia madoa meusi, naye anamwuliza mwalimu sababu. Jibu la swali lake lilizaliwa katika kaunti yake mwenyewe ya Kiambu, mahali ambapo matatu humfikisha mtu na kumrudisha siku hiyo hiyo. Lakini limo katika maandishi ya wataalamu, na kitabu cha shule, ambacho huenda akakitumia pamoja na wenzake wawili, hakikuandikwa kwa ajili ya shamba la nyanya yake. Basi atangoja. Atamngoja afisa wa kilimo, au atangoja mpaka amalize shule, au, kama ilivyo desturi ya watoto wengi, ataacha kuuliza. Hapo mlango umefungwa, na subira haimfunzi kitu.

Labda utasema kwamba shule hiyo ina simu ya mwalimu mkuu, nayo inashika intaneti. Ni kweli, lakini hapa ndipo kasi inapokuwa na maana. Kipindi cha sekondari ni dakika 40. Mfereji mwembamba ukigawiwa mashamba 40, kila shamba hupata matone. Na njia nyembamba ya intaneti ikigawiwa wanafunzi 40, ukurasa hufunguka kengele imekwisha kulia. Hadi mwaka 2009 Kenya nzima ilikuwa katika hali iliyokaribia hiyo, kwa sababu mawasiliano yetu ya intaneti na ng'ambo yalipitia setilaiti zilizo umbali wa kilomita 36,000 hivi juu ya dunia, kwa gharama kubwa. Mwaka huo nyaya za SEACOM na TEAMS, zilizolazwa chini ya bahari, zilifika Mombasa. Mlango wa nchi ulifunguka. Milango ya vijiji ilikuwa jambo jingine, kwa kuwa wenye kuweka nyaya huhesabu nyumba kabla ya kuhesabu watoto. Mtaa wa maghorofa ya Ruiru hulipa gharama za waya upesi kuliko mteremko wenye nyumba sita na ng'ombe.

Serikali nayo ilijaribu kwa njia yake. Mwaka 2016 ilianza kugawa vishikwambi katika shule za msingi za umma, na kazi ya kuviunganisha vingi vyavyo ilipewa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kilichopo Juja, katikati ya Ruiru na Thika. Lilikuwa jambo la kujivunia. Lakini kifaa chenye masomo yaliyowekwa ndani mapema hujibu maswali yaliyotazamiwa na waliyoyaweka, na madoa meusi ya shamba la Gatundu hayakutazamiwa na mtu.

Jinsi kungoja kwa namna ya kwanza kunavyoweza kuwa dhuluma tuliiona mwaka 2020. Shule zote zilifungwa mwezi wa Machi kwa ajili ya ugonjwa wa korona. Mtoto mwenye intaneti nyumbani aliendelea kumsikia mwalimu wake. Jirani yake alichunga mbuzi, au alikaa karibu na redio akitumaini kwamba kipindi kitagusa somo lake. Kidato cha nne walirudi darasani mwezi wa Oktoba, wakafanya mtihani wa taifa mwezi wa Machi na Aprili 2021. Karatasi ilikuwa moja kwa wote. Nani atathubutu kusema kwamba ilipima akili peke yake?

Lakini sikuona mahali ambapo mlango huu ni mzito kama kwa mwanafunzi asiyeona. Thika pana shule ya wasioona iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946. Kitabu kimoja cha kawaida kikiandikwa kwa nukta nundu huwa mabuku kadhaa mazito, na kabla hakijaandikwa hivyo, msomaji wake hana budi kungoja hisani ya mwenye macho amsomee. Kompyuta isomayo kwa sauti, ikiwa na intaneti nzuri, humpa ukurasa siku ile ile anayoupata mwenzake. Wako wasemao kwamba shule ya shamba itafutiwe kwanza chakula cha mchana na vyoo. Na vitafutwe. Ila sijaona sababu ya maskini kuambiwa kila mara achague, na tajiri asiambiwe.

Nimesema ya mlango. Yamebaki ya mbegu. Jibu ambalo wataalamu wa Ruiru walilitafuta kwa miaka 14 laweza kumfikia msichana wetu kwa sekunde mbili. Je, amelijua? Amelipokea, kulijua ni kazi nyingine. Hajajiuliza kwa nini mti mmoja uugue na wa pili uwe mzima, wala hajaona kwamba wazalishaji wa mbegu ile huhamisha chavua kwa mkono, ua baada ya ua. Siku hizi zipo hata mashine ziandikazo insha nzima kabla mwanafunzi hajakaa vizuri. Anayeileta insha hiyo kwangu amenunua mahindi sokoni na kujiita mkulima, nami humrudishia daftari bila hasira, kwa kuwa aliyekosa kitu ni yeye. Kasi imfungulie mtoto mlango. Ikimnyang'anya na jembe, tumembadilishia umaskini tu.

Kwa hiyo darasani mwangu nina utaratibu ambao wanafunzi huunung'unikia. Kabla kompyuta haijafunguliwa, kila mmoja huandika swali lake katika ukurasa wa kushoto, na chini yake dhana yake mwenyewe na sababu zake, hata kama ni dhaifu. Kisha hufungua mtandao, na katika ukurasa wa kulia huandika alichokikuta, nani amekisema, na mahali gani kinapingana na dhana ile. Sehemu ya chini ya kurasa zote mbili huachwa wazi. Hiyo ni ya yale atakayoyaona kwa macho yake shambani, mvua za masika zitakaporudi na buni kuanza kunenepa.