Sauti Isiyokuwa Yake

Mwaka 1978 Quad, kampuni ya vyombo vya sauti ya Uingereza, iliagiza jaribio ambalo wafanyabiashara wengi wangelikimbia. Mhandisi James Moir aliwaketisha wasikilizaji na kuwapigia muziki kupitia amplifaya tatu za kampuni hiyo, bila wao kujua ni ipi inayofanya kazi wakati gani. Ya kwanza ilikuwa Quad II, ya valvu, iliyoingia sokoni mwaka 1953. Ya pili ilikuwa 303, ya transista, ya mwaka 1967. Ya tatu ilikuwa 405 ya mwaka 1975, ndiyo mpya kuliko zote. Majibu ya wasikilizaji hayakutofautiana na ya mtu anayebahatisha. Matokeo yakachapishwa, kila mtu akaweza kuyasoma. Mwenye kampuni, Peter Walker, aliacha wateja wajue kwamba chombo chake kipya, kisipolazimishwa kupita uwezo wake, hakisikiki tofauti na kile alichowauzia baba zao.

Jaribio hilo limenikaa kichwani tangu nilipoombwa niandike risala ya kumuaga mzee wetu. Ni mkuu wa kampuni ndogo hapa Mombasa inayouza na kufunga vyombo vya sauti: amplifaya na spika nzuri za majumbani kwa wachache wanaozitaka, na mitambo ya misikiti, makanisa na kumbi kwa wengi waliobaki. Mimi ni fundi wake. Risala zetu za kuaga watu tunazijua. Anayestaafu huambiwa alikuwa nguzo, alikuwa jembe, ameacha pengo lisilozibika. Nimeyaandika maneno hayo kwa wengine na nikapigiwa makofi. Kwa huyu kalamu inagoma. Mtu aliyetumia umri wake kuhakikisha sauti ya mwingine inafika bila kuguswa, je, ni sifa kwake kwamba kutokuwepo kwake kutasikika?

Walker alianza mwaka 1936 mjini London, akitengeneza vipaza sauti vya mikutano na kumbi, kazi ileile inayonilisha mimi. Vita vilipokuja, kiwanda chake kilipigwa mabomu, akahamia Huntingdon mwaka 1941, mji mdogo kaskazini mwa London, na huko akabaki. Lengo la wahandisi wa kizazi chake lilikuwa amplifaya iliyo kama kipande cha waya: kinachoingia ndicho kinachotoka, kikiwa kikubwa zaidi na basi. Tangazo la kampuni yake liliahidi kuikaribia sauti ya asili kuliko wengine. Halikuahidi kuifikia. Naipenda adabu hiyo.

Kisha akatengeneza spika ambayo hata leo fundi akiifungua husimama kidogo kabla ya kuigusa. Ilianza kuuzwa mwaka 1957. Haina sanduku, haina koni ya karatasi. Ndani yake mna ngozi ya plastiki, nyembamba mno, iliyowambwa katikati ya mabamba mawili yenye matundu. Ngozi hupewa chaji ya umeme ya maelfu ya volti na kubaki nayo. Muziki hupelekwa kwenye mabamba, na ngozi huvutwa huku na kusukumwa kule, yote kwa pamoja, ikitikisa hewa iliyo mbele yake na nyuma yake. Ngozi hiyo ni nyepesi kiasi kwamba karibu haina lake la kusema. Koni nzito ikishaanza kwenda, huendelea kwenda hata muziki umenyamaza. Hii husimama pale muziki unaposimama.

Ilikuwa na mipaka. Besi ya chini kabisa haikuitoa, kelele za kutikisa nyumba haikuziweza, na ukiisukuma kwa amplifaya yenye nguvu kupita kiasi, umeme huruka ndani yake na kuiunguza. Walker hakuificha mipaka hiyo kwa kuongeza mlio wa kupendeza mahali pengine. Mwaka 1963 akaanza kazi ya nyingine bora zaidi, na hiyo haikuingia sokoni hadi 1981. Miaka 18. Ndani yake mabamba yamegawanywa katika duara moja ndani ya jingine, na sauti huanzia katikati kisha kufika duara za nje kwa kuchelewa kidogo kidogo, kama viwimbi vya maji palipoangukia kijiwe, hata msikilizaji akahisi sauti inatoka katika nukta moja iliyo sentimita 30 hivi nyuma ya spika, mahali ambapo hapana kitu. Miaka 18 ya mtu mwenye akili nyingi ilitumika ili chombo kisionekane masikioni.

Hapo ndipo fikra zangu huhamia msikitini, maana huko nilifundishwa kitu hichohicho kabla sijashika pasi ya kulehemu. Kabla ya umeme, msikiti mkubwa ulikuwa na mubaligh. Imamu akileta takbiri, yeye aliirudia kwa sauti ili safu za nyuma zisikie. Makka wako hadi leo. Mubaligh haongozi swala. Hana ruhusa ya kutangulia wala ya kuongeza neno. Lakini akikosa pumzi, nusu ya jamaa watabaki wamesimama wenzao wamekwenda rukuu. Mwenye kazi hiyo huhitaji kifua kipana na nafsi ndogo, na vitu hivyo viwili ni nadra kukaa kwa mtu mmoja.

Aliyenifundisha Qur'ani alikuwa akitukumbusha kwamba wa mwanzo kujulikana kwa kazi hiyo alikuwa Sayyidna Abubakar. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa katika maradhi yake ya mwisho. Alitolewa akaswalisha kwa kukaa, sauti yake imefifia, na Abubakar akasimama ubavuni akiwasikilizisha watu takbiri zake. Yeye alimfuata Mtume, watu wakamfuata yeye. Siku chache baadaye Mtume akafariki. Mji ukapigwa na butwaa, hata Sayyidna Umar akakataa katakata kusikia kwamba jambo hilo limetokea. Aliyesimama na kuwaambia waumini kwamba Muhammad alikuwa mwanadamu naye amekufa, na kwamba wanayemwabudu hafi, ni yuleyule aliyekuwa akiipitisha sauti. Silinganishi Manabii na maswahaba na wauza spika, Mungu aniepushe. Nasema tu kwamba aliyezoea kubeba sauti isiyokuwa yake ndiye aliyejua kwamba ujumbe unabaki, na akawa na nguvu ya kuwaambia watu hivyo wakati wenzake wameishiwa nguvu miguuni.

Narudi kwa mzee wetu. Siku moja tuliitwa kwenye msikiti mmoja hapa mjini kuweka mtambo mpya. Tulipomaliza, mmoja wa kamati akasema, "Mzee, waambie vijana watie eko. Sauti ipate uzito. Watu wanapenda." Hili twaombwa karibu kila mahali, misikitini na makanisani pia. Eko inamfanya kila anayeshika maiki asikike kana kwamba anazungumza kutoka mbinguni. Mzee akavua miwani, akaifuta, akajibu kwa upole, "Sheikh wangu, nikitia eko nitakuwa nimewaletea imamu mwingine, na mimi sikuajiriwa kuchagua imamu."

Akanipandisha ngazi. Ukumbi ule ni kuta tupu na vigae, tayari una mwangwi wake wa kutosha. Kulikuwa na spika mbili kubwa mbele, zimefunguliwa kwa nguvu zote, na bado wazee wanaokaa nyuma karibu na viatu walikuwa wakilalamika kwamba khutba hawaielewi. Kelele waliipata, maneno ndiyo yaliyopotea. Tukazishusha zile mbili na badala yake tukafunga spika ndogo kwenye nguzo, kimo cha kichwa cha mtu aliyesimama, kila moja ikizungumza taratibu na watu walio karibu nayo tu. Maiki tukaisogeza karibu na mdomo. Kisha imamu akasoma. Sin ikatengana na thaa, swad ikakaa peke yake. Tofauti ya herufi hizo za Kiarabu ni ndogo, na mwangwi na eko huifunika upesi. Sauti ilitoka na uzee wake wote, na ule mkwaruzo wa kifua, na pale anapovuta pumzi katikati ya aya ndefu. Imamu alikuwa mzee na alisikika mzee. Yule bwana wa kamati alisikiliza mpaka mwisho wa sura na hakurudi tena kwenye habari ya eko.

Mwenzangu wa dukani, anayeshika mahesabu, aliposoma rasimu yangu ya risala alikasirika. "Kaka, ndiyo utasimama mbele ya watoto wake umwambie mzee wa watu kwamba akiondoka hapabadiliki kitu? Wamtia simanzi siku ya furaha yake." Nimelifikiria neno lake, kwa sababu ana haki kwa upande mmoja. Binadamu si waya. Mimi nitaikosa harufu ya tangawizi ya chai yake saa nne, nitakosa namna anavyogonga amplifaya iliyokufa kwa kidole kimoja kabla ya kuifungua, nitakosa kuitwa "mwanangu" na mtu asiyenizaa. Hilo pengo ni langu na la wenzangu, tutalibeba. Lisiwepo tu katika sauti ya msikiti ule Ijumaa ijayo.

Na nafsi yake imekwenda wapi, ikiwa haimo katika sauti? Nimeiona ndani ya makabati ya mitambo. Kila alikopita amebandika vipande vya utepe mweupe, vimeandikwa kwa mkono: waya huu wa mimbari, huu wa upande wa akina mama, fyuzi hii ni amp 3 usiweke 5, kiungo hiki chafunguliwa kila baada ya kusi kwa sababu ya chumvi. Hewa yetu ya bahari hula shaba, na honi za minarani huoza kimyakimya mpaka siku moja zikanyamaza. Mzee alimwandikia fundi asiyemjua, atakayekuja yeye mwenyewe akiwa hayupo. Waumini wanaosujudu hatua chache kutoka kabati lile hawatasoma utepe huo hata mara moja. Wanazuoni wameandika mengi juu ya riyaa, ibada inayofanywa ili ionekane, na Imamu Ghazali aliipa nafasi kubwa katika kitabu chake cha Ihya kwa kuwa ni ugonjwa unaojificha hata kwa mgonjwa. Kazi ya utepe ndani ya kabati lililofungwa haina mtazamaji. Mimi nina imani kwamba kazi ya namna hiyo ina Msikilizaji, na kwamba Qur'ani ilipoamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe, katika Suratun Nisaa, haikuwaacha nje mafundi.

Kwa hiyo siamini kwamba kujiondoa katika kazi ni sawa na kutokuwa mtu. Anayejiondoa hufanya maamuzi mengi zaidi ya anayejionyesha: akatae nini, apunguze wapi, asimame lini. Mwenye eko huzungusha kitufe kimoja na kusifiwa. Walker alikaa miaka 18.

Yeye naye alifikia siku ya kuwaachia wengine. Mwanawe Ross akashika uongozi, na mwaka 1995 kampuni ikauzwa kwa kampuni nyingine ya Uingereza, kisha mwaka 1997 ikaingia mikononi mwa kundi la IAG lenye viwanda China. Walker alifariki Desemba 2003. Yuko anayeona hapo hadithi ya huzuni, kiwanda cha baba kuishia kwa wageni. Mimi naona spika zenye jina la Quad zilizoendelea kutengenezwa kwa kanuni ileile ya ngozi iliyowambwa na duara zinazochelewa, na watu wasiojua Walker alikuwa nani wanaketi mbele ya spika hizo jioni na kumsikia mpiga fidla. Wanamsikia mpiga fidla. Hawamsikii Walker. Sijui dua iliyo bora kuliko hiyo ya kumuombea mtu wa kazi hii.

Risala yangu basi itakuwa fupi. Nitamtakia mzee afya, na hasa afya ya masikio, kwa maana miaka mingi ya kujaribu honi juu ya mapaa imeyachosha. Nitamtakia asipigiwe simu asubuhi ya Idi kwamba amplifaya inakoroma, tutakwenda sisi. Nitamshukuru mbele ya mkewe, ambaye amelala peke yake mikesha mingi ya Ramadhani sisi tukiwa juu ya ngazi. Nitasema wazi kwamba Ijumaa ijayo sauti haitabadilika, na kwamba hiyo ni kazi yake. Kisha nitamgeukia mrithi wake, ambaye wateja wameshaanza kumuuliza habari za spika zenye taa za rangi na besi ya kutetemesha vioo. Nitamwomba mbele ya wageni wote alichukue daftari la vipimo la mzee, alisome, na atupe sisi mafundi ruhusa ya kuikataa kazi ya eko kama mzee alivyokuwa akiikataa, hata katika miezi ambayo duka halijauza kitu.